Kushukuru kwa Kitu cha Watu

Makumbusho yanapoandaa chakula cha jioni ili kuchangisha fedha, yanauza nini hasa? Jibu la haraka ni kwamba hayauzi kitu, yanaomba tu. Lakini mwombaji hapangi bei. Hafla ina meza za mbele, za kati na za nyuma, na kila moja ina kiwango chake. Penye bei pana kinachouzwa, na nadhani kila mwananchi ana haki ya kukijua, kwa kuwa vilivyomo ndani ya makumbusho ya umma ni vyake.

Sisi tuliokulia Tanzania tulijua kuchangishana kabla hatujalijua neno ufadhili. Kadi ya mchango wa harusi inaletwa nyumbani, jina la mzazi wako limeandikwa kwa kalamu. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, na kila jioni mweka hazina anabandika orodha: nani ametoa, nani ameahidi, nani yuko kimya. Ukifikisha kiwango unapewa kadi ya mtu mmoja au ya wawili. Hakuna anayejidanganya. Umenunua sahani, kiti, na matumaini kwamba zamu yako ikifika nawe utachangiwa. Harusi haiharibiki kwa hilo, maana sherehe ina wenyewe. Wakimweka mjomba mwenye uwezo meza ya mbele na shangazi mkulima nyuma karibu na spika, ukoo utanung'unika mwaka mzima, lakini hawajagusa cha mtu. Viti ni vyao, wanampa wamtakaye.

Nilipopangiwa mafunzo kwa vitendo ya shahada yangu ya uzamili katika usimamizi wa urithi, nilidhani kazi ingekuwa hiyohiyo, ila suti zingekuwa nyingi zaidi. Nilipelekwa kwenye makumbusho madogo katika mji mmoja wa pwani ya kaskazini, nikakabidhiwa uratibu wa hafla ya kuchangisha fedha za paa. Sitayataja makumbusho hayo, kwa sababu tatizo lao si lao peke yao.

Kwa miezi mitatu niliishi ndani ya jedwali la hesabu. Hema, endapo mvua itanyesha. Viti na vitambaa vyake. Jenereta, kwa kuwa umeme hauna adabu siku ya wageni. Mshereheshaji, ambaye ada yake ilizidi mshahara wa mwezi wa mhudumu wa makumbusho. Chakula, kikundi cha taarabu, kadi, ulinzi wa magari. Nilijifunza kwamba ahadi inayotangazwa kwenye kipaza sauti hupigiwa makofi mara moja na kudaiwa mara ishirini. Nilijifunza pia kwamba meza haiuzwi kwa sababu ya chakula, kwani pilau ni ileile kuanzia meza ya kwanza hadi ya mwisho. Kinachouzwa ni ukaribu: na mgeni rasmi, na kamera, na vitu vyenyewe. Mteja mmoja aliniuliza kwenye simu, kwa upole kabisa, kama meza yake ingeweza kuwekwa jirani na mlango wa kuchongwa wa karne ya 19, ule ambao wanafunzi wa shule za msingi huzuiwa kwa kamba wasiufikie.

Hayo bado ningeweza kuyameza. Kisha wiki mbili kabla ya siku yenyewe likaja ombi la mdhamini mkuu.

Ukumbi mkubwa wa makumbusho yale una ukuta mmoja unaozungumzia mkonge. Mmea huo uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf, ukaja kuwa zao lililojenga reli, bandari na majumba ya mkoa wa Tanga. Kwenye ukuta huo upo ubao wa maelezo kuhusu manamba, watu walioajiriwa kwa mkataba kutoka mbali, Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi, Msumbiji, wakaletwa kukata majani yenye miiba. Jina lenyewe limetokana na namba. Kila mtu alikuwa na kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na mshahara ulihesabiwa kadi ikijaa, hata kama kujaa kwake kulichukua wiki nyingi zaidi ya hizo. Chini ya ubao kuna kabati la kioo, na ndani yake kipande kimoja, kimechakaa kwenye mikunjo.

Mdhamini alikuwa mtu wa familia yenye historia ndefu katika mashamba. Hakutoa vitisho. Aliomba bango la wadhamini, lile kubwa ambalo wageni husimama mbele yake kupigwa picha, liwekwe kwenye ukuta ule kwa sababu mwanga wake ni mzuri. Saa nne tu, alisema, kisha kila kitu kirudi kama kilivyokuwa. Mwanga ni mzuri kweli. Ila zipo kuta nyingine tatu, na dirisha kubwa liko ukuta wa pili.

Kamati ilikaa. Nisingependa uwawazie wajumbe kama watu wabaya, maana hoja zao zilikuwa na uzito. Mhifadhi alieleza kwamba maji yanaingia stoo, kwamba mikeka na vitabu vya karne iliyopita vimeanza kuota ukungu, na kwamba masika hayasubiri kikao. Mwingine alisema ubao haufutwi wala haubadilishwi herufi moja, unafunikwa jioni moja, na asubuhi watoto wa shule wataukuta. Wa tatu alikumbusha kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilisema tutafute ukuta mwingine, nikaeleza sababu zangu. Mwanafunzi wa mafunzo hana kura.

Toka siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kwa nini hoja zile, zilizokuwa nzuri, hazikunishawishi.

Kwenye vitabu vya fani yetu, swali la maadili ya uchangishaji mara nyingi huwa ni moja: fedha hizi ni safi? Kesi inayofundishwa zaidi ni ya familia ya Sackler, ambayo jina lake lilipamba kumbi za makumbusho ya Marekani na Ulaya. Kampuni ya Purdue Pharma, iliyomilikiwa na sehemu ya familia hiyo, ilikiri mahakamani mwaka 2007 kwamba dawa yake ya maumivu, OxyContin, ilitangazwa kwa namna ya kupotosha kuhusu hatari ya uraibu. Machi 2018 mpiga picha Nan Goldin, ambaye mwenyewe alikuwa mraibu wa dawa hiyo akapona, aliingia na wenzake katika Metropolitan Museum of Art, New York, wakatupa chupa za dawa ndani ya bwawa lililo mbele ya hekalu la Dendur. Mwaka uliofuata National Portrait Gallery ya London na familia hiyo zikakubaliana kuachana na mchango wa pauni milioni 1, Louvre ikaliondoa jina lao ukutani, na Desemba 2021 Metropolitan nayo ikafanya hivyo katika kumbi zake.

Ni kesi ya maana, lakini haikunisaidia. Mdhamini wetu hakuwa amemuuzia mtu sumu. Analipa kodi, anaajiri watu, anasomesha watoto wasio wake. Ukiuliza kama fedha zake ni safi, utajibiwa kwamba ni safi kama za wengi wetu. Tena, tukingoja mtu ambaye shilingi yake haijawahi kupita mahali pabaya, paa litaanguka tukiwa foleni. Mwaka 2018 moto uliteketeza Makumbusho ya Taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro, jengo lililokuwa limelalamikiwa kwa miaka mingi kuwa halina fedha za matunzo, na sehemu kubwa sana ya vitu vyake milioni 20 ikapotea. Hapa kwetu, Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jengo la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wakafa. Majengo ya kale hayajui subira. Anayekataa fedha kwa ajili ya usafi wa mikono yake naye anaweza kuwa anaharibu alichopewa kukitunza.

Kwa hiyo usafi wa fedha hautoshi kuwa kipimo. Nimeona afadhali kurudi kwenye neno tulilonalo nyumbani, ambalo watoto wa pwani hulijua kabla ya kujua kusoma: amana.

Jirani anasafiri, anakuachia cherehani. Unaruhusiwa kuifunika isipate vumbi. Unalazimika kuitoa mvua ikiingia. Lakini huwezi kumkodisha fundi, huwezi kuiweka rehani, na huwezi kumwazima shemeji yako kwa jioni moja kwa sababu naye alikusaidia kulipa kodi ya nyumba. Shemeji anastahili shukrani zako, na atakuwa na haki ya kununa usiposhukuru. Mshukuru kwa kuku wako, kwa muda wako, kwa kumsifu mbele za watu. Cherehani haimo katika vitu unavyoweza kushukuru navyo. Na ukisema "ni saa nne tu", hujajibu swali, kwa kuwa hakuna aliyeuliza ni saa ngapi.

Makumbusho ni nyumba ya amana. Hapo ndipo yanapotofautiana na maharusi. Yana vitu vyao wenyewe vya kutoa: chakula, viti, muda wa wafanyakazi, barua ya shukrani, makofi, hata jina kwenye orodha ya waliochangia, mradi orodha iseme kweli. Halafu yana vitu visivyo vyao: vifaa vilivyoletwa na watu, maelezo ya ukutani, nafasi ya mtu asiye na kitu kuingia na kuona, na kunyamaza kuhusu jambo. Hili la mwisho husahaulika. Kunyamaza kwa makumbusho kuna thamani kubwa sokoni, kwa sababu mji mzima umezoea kuyasikia yakisema.

Wazee wetu waliliona hili walipotoa wakfu. Aliyeitoa nyumba au kisima kiwe wakfu alikuwa na haki ya kuweka masharti: kodi ya nyumba iende msikitini, maji yawe ya wapita njia. Masharti hayo yaliheshimiwa. Lakini yalihusu kile alichokitoa yeye. Hakuna aliyetoa kisima kwa sharti kwamba kisima cha jirani kifunikwe. Mdhamini wa paa anaweza kusema fedha hizi ni za paa tu, zisinunulie gari, na tutamtii. Akivuka hapo na kuugusa ukuta, anaomba kitu ambacho fedha zake hazikukileta.

Najua pingamizi zipo, na mojawapo inanisumbua kwa kweli. Hekalu la Dendur lenyewe, lile lililo mbele ya bwawa la chupa, ni shukrani. Misri iliipa Marekani hekalu hilo mwaka 1965 kwa msaada wake wa kuokoa majengo ya kale ya Nubia yasizamishwe na maji ya bwawa kuu la Aswan. Hispania, Italia na Uholanzi nazo zilipewa mahekalu. Nchi nzima ilishukuru kwa amana ya wahenga. Na leo katika ukumbi wa hekalu hilo hufanyika karamu ya Met Gala, iliyoanza mwaka 1948 na ambayo mwaka 2025 ilichangisha zaidi ya dola milioni 31 kwa ajili ya idara ya mavazi ya makumbusho yale, kiti kimoja kikiuzwa dola 75,000. Je, kama Misri iliweza, kijiji kidogo cha makumbusho kisiweze?

Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, Misri ilifanya hivyo hadharani. Ilisema inatoa nini, kwa nani, kwa sababu gani, na dunia ikasikia. Anayetaka kuilaumu anajua pa kuanzia. Pili, hata katika uwazi ule lilibaki swali la nani alipaswa kuulizwa, na Wanubi, ambao maji yaliwahamisha kwa maelfu, walikuwa na haki ya kuwa wa mwanzo. Amana inaweza kutoka mikononi mwa mshikaji, lakini kwa ruhusa ya mwenyewe. Jirani akipiga simu akasema mpe shemeji yako cherehani, mpe.

Kutokana na hilo nimepata kipimo kidogo ninachokitumia sasa kwenye kazi. Kabla ya kukubali ombi la mfadhili, andika sentensi moja ya kubandika mlangoni. "Leo jioni tumehamisha viti vya ukumbi ili wageni waweze kukaa." Hiyo inabandikika. "Leo tumefunga saa nane kwa ajili ya maandalizi, kesho kiingilio ni bure." Inabandikika pia, na kesho bure ni namna nzuri ya kufidia. Sasa jaribu hii: "Leo jioni maelezo kuhusu manamba yamefunikwa kwa ombi la mfadhili." Katika kamati yetu hakuna ambaye angekubali kuibandika. Kama tunaona aibu kumwambia mwenye mali tulichokifanya na mali yake, basi tunajua kwamba hajaruhusu.

Na mwenye mali hakuwa mbali. Dada aliyekaa dirisha la tiketi ndiye mjukuu wa mwenye kile kipande. Babu yake alitoka Buha kwa miguu na treni, akafia mjini pale bila kurudi kwao. Katika daftari la kupokelea vifaa limeandikwa kwa wino wa bluu kwamba kipande kimeletwa na familia, kitunzwe na kioneshwe. Usiku wa hafla alikuwa kazini, akiwavalisha wageni beji. Nilimuuliza siku chache baadaye anaonaje. Alicheka kidogo, akasema, "Kama tungetaka kikae gizani, tungekiacha kwenye sanduku la bibi." Hakusema zaidi, akaendelea kuhesabu chenji.

Bango lilisimama palepale lilipoombwa. Wageni walipiga picha, mgeni rasmi alitoa hotuba kuhusu kuwaenzi waliotutangulia, taarabu ilipigwa mpaka karibu saa saba usiku. Fedha zilipatikana. Mabati yalibadilishwa kabla ya masika, na nilikuwepo mvua ya kwanza iliponyesha: stoo ilibaki kavu, mikeka imesimama kwenye rafu zake, na mhifadhi alikuwa anatembea humo ndani akigusa kuta kwa kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto. Siwezi kujifanya kwamba paa lile ni baya. Ni paa zuri, na linatunza hata kile kipande.

Lakini uzuri wa paa haulipi kilichofanywa ukutani, kama vile chakula cha watoto hakilipi cherehani iliyokodishwa. Ninalosema ni dogo na nadhani linatendeka: mazungumzo na mfadhili yaanze na orodha mbili, ya vilivyo vyetu na ya visivyo vyetu, na ya pili isomwe kwanza, kabla hajatoa ahadi wala sisi hatujaizoea ahadi yake. Baada ya hapo ni kuchelewa. Ukishauza meza 20 na kulipia hema, hata mtu mwadilifu huanza kuona ukuta wenye dirisha hauna mwanga.

Nasaidia sasa makumbusho mengine mawili madogo wakati nikiandika tasnifu, na barua zao za kuomba udhamini naziandika hivyo. Aya ya pili inasema tutatoa nini kwa shukrani. Aya ya tatu inasema vifaa, maelezo yake na milango ya asubuhi havimo, kwa kuwa tumeachiwa tu. Kiwango cha chini cha mchango tumekiweka shilingi 1,000, ili mjukuu wa kila mwenye kipande awe na jina kwenye orodha ileile ya mwenye shamba, kwa mpangilio wa alfabeti. Wapo wafadhili wanaopiga simu kuuliza aya ya tatu ina maana gani, na tunazungumza vizuri. Wapo ambao hawajibu. Moja ya makumbusho hayo bado linavuja kona ya kusini, na tumeweka ndoo.